Nusu tola ya bibi

Assalamu alaykum Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mkaazi wa Wete, nashona nguo za harusi. Nina mume na watoto watatu. Nakuandikia kwa jambo ambalo nikimweleza asiyelijua ataniona nimerukwa na akili, maana kisa chenyewe ni kichupa cha mafuta.

Napenda udi tangu mdogo. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa hatoki nje bila kufukiza buibui lake, na kila Ijumaa baada ya kukoga alifungua kichupa chake cha haludi, yaani mafuta ya udi, akajipaka tone nyuma ya masikio. Mimi nikikaa karibu yake makusudi ili nguo zangu zishike harufu. Miaka mitatu nyuma shoga yangu aliniingiza katika gurupu la WhatsApp la wapenda udi. Tumo kama sitini: watu wa Unguja, Mombasa, Lamu, Dar, na jamaa zetu walioko Muscat na Dubai. Si gurupu la maduka. Kila mtu ana chake anachokitunza, na kisichopatikana tena ndicho kinachotafutwa: mafuta ya Assam, kule India, yaliyotulia miaka, mafuta ya zamani yaitwayo Kambodi, vipande vya udi vinavyozama majini. Mtu huandika "ninacho hiki, natafuta kile", mkielewana mnabadilishana. Kwa njia hiyo nimepata mafuta ambayo kwa pesa ya cherehani yangu nisingeyaona hata kwa macho. Nimeshabadilishana mara saba, robo tola kwa robo tola (tola ndiyo kipimo chetu cha mafuta haya), na sijawahi kugombana na mtu.

Bibi alifariki miaka miwili iliyopita. Kabla ya hapo, siku moja tukiwa wawili tu, aliniambia, "Mafuta yangu haya ni yako wewe, wenzio hawayajui." Baada ya arubaini mama alinipa ufunguo wa kasha na nikakikuta kichupa, tola nzima, kizibo cha kioo, kimejaa hadi shingoni. Hicho ndicho alicholetewa na mdogo wake wa kiume aliyekuwa Muscat, alipokuja kuwatembelea katikati ya miaka ya 1980, mimi sijazaliwa.

Nilikiposti picha. Dada mmoja wa Mombasa (namwita dada kwa kuwa amenizidi umri, na tumezungumza karibu kila wiki kwa mwaka mzima) akaniambia ana tola ya Kambodi aliyoiweka tangu ujana wake, na yuko tayari kunipa yote kwa nusu tola ya bibi. Nilimwapia kwamba ya kwangu ni haludi safi, haikutiwa kitu. Nikamimina nusu, nikaifunga vizuri, ikaenda Mkoani, ikapanda boti hadi Unguja, binamu yangu akaivusha Dar, na basi likaipeleka Mombasa. Yake ikaja kwa njia hiyo hiyo wiki tatu baadaye, Ramadhani imeshaingia.

Shangazi, nilifungua baada ya kufuturu na mikono inatetemeka kwa hamu. Ilikuwa ndani ya chupa ya plastiki, kama ya dawa ya macho, yenye mpira wa kubinya. Mafuta mepesi, rangi ya chai ya rangi. Harufu ilinipiga puani kama rangi ya kucha. Nikajipaka, na kabla ya tarawehe kwisha hapakuwa na kitu mkononi.

Nikamwandikia. Akanijibu usiku kwa sauti, tena kwa upole, na upole huo ndio uliozidi kuniuma: "Mdogo wangu, hata mimi nilitaka kukwambia. Yako si haludi tupu. Mna sandali na mawaridi, na kitu chengine sikijui. Nilinyamaza kwa heshima ya marehemu." Yeye anasema yake ni Kambodi kama alivyoipokea.

Nimelia. Naona amenidhulumu kisha akamtia doa bibi yangu. Nataka kumwanika gurupuni, skrinishoti zote ninazo. Msimamizi wa gurupu ananiambia nilete ushahidi. Mume wangu anasema ni mafuta tu, nimwachie Mungu. Na juu ya hayo, mama mdogo, ambaye yuko Muscat na alilelewa kwa huyo huyo mdogo wake bibi, anakuja kwa harusi baada ya Mfungo Mosi, na amemwambia mama anataka kunusa mafuta ya mama yake. Mama hajui kwamba nusu imekwenda.

Nimwanike huyu dada? Nidai nusu tola yangu? Na mama nimwambie nini?

Mpenda Udi, Wete

*

Wa alaykumu salaam mwanangu,

Umeniuliza maswali matatu na nitayajibu yote, lakini naanza na ambalo hukuniuliza: ulipomwapia yule dada kwamba haludi ya bibi yako haikutiwa kitu, ulikuwa unajua kwa njia gani?

Nimeisoma barua yako mara mbili kwa sababu ya maneno mawili uliyoyaandika mbali mbali. Umesema kichupa kililetwa katikati ya miaka ya 1980, na bibi alijipaka kila Ijumaa. Kisha ukasema umekikuta kimejaa hadi shingoni. Tupige hesabu. Tola ni gramu 11.66, na kichupa cha tola huchukua kama mililita 12. Mililita moja hutoa matone kama 20, basi kichupa kizima ni matone 240 au zaidi kidogo. Ijumaa ni 52 kwa mwaka. Hata angejipaka tone moja tu, la masikio yote mawili, katika miaka mitano kichupa kingekuwa kikavu. Hata angechovya kizibo tu na kupaka nusu ya tone, asingefika miaka ya 2000. Bibi yako alikuwa akikijaza, mwanangu. Kioo ni cha tangu enzi hizo. Kilichomo kimeingia mara nyingi, kwa mikono ya watu tofauti, na pengine kwa mkono wake mwenyewe.

Na sioni aibu yoyote hapo. Mimi nimezaliwa Mji Mkongwe katika nyumba ambayo mama alichanganya mafuta yake mwenyewe, kila mwaka kabla ya Idi. Alikuwa na haludi kidogo, ile ya kutosha kuwa msingi, akaongeza mafuta ya sandali ili iende mbali, halwaridi kwa ajili ya utamu, zafarani iliyokwisha lowekwa, na chembe ya miski. Akiyatia katika chupa moja, akayaacha kabatini miezi, na nyumba nzima ilikuwa ikiyaita "udi wa mama". Hatukusema mchanganyiko, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Kwetu neno udi linabeba vitu vingi: kipande cha mti, mafuta yake, ule wa kupikwa na sukari na marashi, hadi vijiti vya dukani. Mwanamke wa Pemba wa umri wa bibi yako akisema "haludi yangu" anasema kweli, na dada wa Mombasa akisema mna sandali na mawaridi naye anaweza kuwa anasema kweli. Yeye hakumtia doa marehemu. Kama pua yake ni sawa, amekisoma kitu ambacho bibi yako alikitengeneza.

Bado unayo nusu, kwa hivyo huna haja ya kuniamini mimi wala yeye. Jipake baada ya Alfajiri kwenye kifundo cha mkono, tone dogo sana, na tone jengine kwenye kipande cha kanga ya pamba iliyofuliwa bila sabuni yenye harufu. Nusa papo hapo, nusa jua likishapanda, nusa Adhuhuri na Alasiri, na kila mara andika ulichonusa kabla hujaanza kukifikiria. Udi huu, kama ujuavyo, unatoka kwenye miti ya jamii ya Aquilaria. Mti mzima wenye afya una moyo mweupe usio na harufu ya maana. Ukijeruhiwa na kuvu kuingia, mti hujihami kwa kutoa utomvu, na ule ubao uliojaa utomvu, mweusi na mzito, ndio udi. Kule Assam wenye kukeneka wana desturi ya kuuloweka ubao majini siku nyingi kabla ya kuupika, ndiyo maana mafuta ya Kihindi yaliyo matupu huanza na harufu ya zizi la ng'ombe. Wengine huikimbia. Wanaojua huisubiri, kwa sababu baada ya saa moja inageuka ngozi, viungo, tumbaku, halafu utamu wa mbali unaobaki kwenye nguo kwa siku. Sasa jiulize: ya bibi yako inafunguka vipi? Kama kitu cha kwanza kinachokujia ni waridi, na laini tangu mwanzo, ule ni mchanganyiko. Na kama ni mchanganyiko uliotulia ndani ya kioo miaka ishirini, basi kwa pua yangu mimi huo una thamani kuliko tola nyingi tupu zinazouzwa sasa. Lakini una jina jengine, na wewe uliutoa kwa jina lisilo lake.

Hukukusudia. Najua. Ila katika kubadilishana vitu adimu, kinachotembea kutoka mkono hadi mkono ni kauli. Yule dada hakukiona kichupa, aliona picha na akasikia kiapo chako. Ungesema "nimekikuta kwa bibi, kimekaa miaka, sijui kimetiwa nini, nakuletea matone matano unuse kwanza", angeweza bado kukitaka, tena kwa hamu zaidi, na leo pasingekuwa na neno.

Nije kwa yake. Sitaki udhani namtetea. Mafuta mepesi, yenye ukali wa rangi ya kucha, yanayokwisha kabla ya tarawehe, si Kambodi iliyotunzwa, na hilo nalisema bila kusita. Kambodi nzuri ni tamu, ina kitu cha tunda lililoiva sana, na haina haraka ya kuondoka. Lakini kabla hujamhukumu yeye, angalia chupa. Mafuta haya ya miti hula plastiki na hulainisha mpira. Wiki za safari ndani ya mzigo wa basi, joto la njia ya Tanga na Horohoro, mafuta yakirukaruka hadi kwenye ule mpira: hapo harufu ngeni huingia. Yahamishe leo kwenye kichupa safi cha kioo, uyaache kabatini siku kumi bila kuyagusa, kisha uyajaribu kama nilivyokueleza. Na utone tone moja kwenye karatasi nyeupe, uiweke kivulini siku tatu nne. Ukiinua karatasi kwenye mwanga ukaona duara la mafuta linalong'aa na halikauki, huenda wametia mafuta mengine ya kuyazidisha. Usihukumu siku ya kwanza, kwani udi wenyewe ni mzito na huacha rangi. Karatasi pia haikwambii kama mna sandali au harufu ya maabara. Hayo huonekana kwa kromatografia ya gesi, ambayo hutenganisha kila kilichomo, na sioni haja ya kuipeleka nusu tola huko.

Kuna na hili la jina. Mengi yanayouzwa kama Kambodi hayajawahi kuiona Kambodia. Jina limekuwa la aina ya harufu, na mafuta yenyewe mara nyingi hutoka kwenye mashamba ya nchi za jirani, kwa miti michanga iliyotobolewa na kutiwa kuvu makusudi. Huyo dada alipoinunua ujanani inawezekana alipewa jina tu, akalihifadhi kwa uaminifu miaka yote. "Kama nilivyoipokea", kakwambia. Neno hilo ndilo ungeweza kulisema wewe pia juu ya ya bibi.

Kwa hiyo usimwanike. Sikwambii hivyo kwa kuogopa maneno ya watu. Ukiweka skrinishoti gurupuni, naye ana zake, na ya kwanza atakayoiweka ni ile ya kiapo chako, kisha watu sitini watakaa kuipima haludi ya bibi yako kwa pua zao kutoka Lamu hadi Dubai. Wewe umelia kwa mtu mmoja kusema kwa upole. Msimamizi wenu amesema sawa kutaka ushahidi, na ushahidi ulionao unakata pande zote mbili.

Unachoweza kukidai ni marejesho, na ukidai uwe tayari kurejesha. Mwandikie hivi, kwa maneno yako au haya yangu: "Dada yangu, nimekaa nikafikiri. Nilikwapia kitu nilichokuwa nakipenda, sikuwa nakijua. Naomba unisamehe kiapo changu. Ya kwako pia haikunifikia kama tulivyozungumza, na huenda ni chupa. Napendelea kila mmoja arejeshe kilichobaki cha mwenziwe, tubaki kama tulivyokuwa. Ukipenda kubaki na ya bibi, nambie, tuelewane upya kwa jina lake la kweli." Umtumie kwa sauti. Yeye alikujibu kwa sauti, na mtu aliyeumizwa huisoma barua kwa ukali ambao mwandishi hakuutia.

Kinachobaki ni njia ya kurejesha, na hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu katika magurupu haya nimeona watu wakipeleka vichupa kwenye mabasi kama wanapeleka embe. Miti ya udi imekatwa hadi ikawa adimu porini, na biashara yake inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Aina ya Aquilaria malaccensis iliingizwa kwenye kiambatisho cha pili mwaka 1995, na aina nyengine zote zikafuata kuanzia Januari 2005. Tanzania na Kenya zote ni wanachama. Mafuta na vipande vinavyovuka mpaka vinahitaji kibali. Wameacha nafasi kwa msafiri anayebeba vyake mwenyewe katika mizigo yake: kilo moja ya vipande, mililita 24 za mafuta, na tasbihi mbili, kwa kila mtu. Kichupa kilichokabidhiwa kondakta hakimo humo, wala kilichotiwa posta. Mlipitisha vichupa viwili mpakani kwa njia isiyo sawa, na ikiwa kimoja kingekamatwa msingekuwa na pa kwenda kulalamika. Basi subirini. Iko siku utakwenda Mombasa mwenyewe kwa harusi au matibabu, au yeye atakuja Pemba au Unguja. Nusu tola ni mililita 6, tola ni 12, yote yanaingia katika haki ya msafiri mmoja na nafasi inabaki. Uzuri wa kukutana ni kwamba mtafungua vichupa mbele ya macho ya kila mmoja.

Mkikutana, pimeni kwa mizani ya sonara, kichupa kitupu kwanza kisha kikiwa na mafuta. Macho hudanganywa na kioo kinene. Na mara nyengine, kabla ya kutoa nusu tola ya kitu kisicho na mwenzake duniani, tanguliza matone matano, pokea matone matano, mkae nayo wiki. Mwenye haraka ya kukataa hilo, muache. Robo tola zako saba zilipita salama kwa sababu zilikuwa ndogo na zilinunuliwa juzi. Hiki kilikuwa kikubwa na cha marehemu, na ukakitendea kama zile.

Mume wako akisema ni mafuta tu, hakukosea kwa upande wake, na hana haja ya kuyapenda. Mwambie tu ukweli wa kiasi unachotumia katika mapenzi haya, akijue kutoka kwako.

Sasa mama. Hapa ndipo moyo wangu ulipokaa tangu nilipomaliza barua yako.

Bibi alikwambia mafuta ni yako mkiwa wawili tu. Mtu akitoa zawadi katika uhai na afya yake na akakukabidhi, hiyo ni hiba na imekwisha kuwa mali yako. Lakini hakukukabidhi, kichupa kilibaki kashani na yeye akaendelea kukitumia. Kama alikusudia uchukue baada yake, huo ni wasia. Mjukuu wa binti, wakati mabinti wako hai, si mrithi, kwa hiyo wasia kwako unakubalika ndani ya theluthi ya mali, na kichupa kimoja hakiwezi kufika theluthi. Haki yako naiona ina nguvu. Ila shahidi huna, na warithi wapo: mama yako, mama mdogo, na kama kuna wengine. Mama kukupa ufunguo si sawa na kusema "nimekubali, ni chako", na mama mdogo hakuulizwa kabisa. Kabla hata ya kuwa la Mombasa, jambo hili lilikuwa la nyumbani kwenu. Ulitoa nusu ya kitu ambacho dada wawili hawajakaa wakakubaliana kuwa ni chako.

Usingoje mama mdogo ashuke ndege. Nenda kwa mama wiki hii, uende na kichupa chenyewe mkononi, umweleze maneno ya bibi kama alivyoyasema, kisha umwambie nusu iko Mombasa na vipi ilifika huko. Usianze na ubaya wa yule dada. Mama atakasirika, na ana haki. Mwache amalize. Halafu mwombe yeye ndiye amwambie mdogo wake, au mwambieni pamoja kwa simu, ili mama mdogo asije akainua kichupa chepesi mbele ya wageni wa harusi. Kama watasema wanataka sehemu yao katika kilichobaki, wape bila kubishana, matone yanagawika. Sidhani mtafika kwa kadhi kwa ajili ya hili, na naomba msifike.

Kichupa cha kioo chenyewe usikiuze wala usikibadilishe na chochote. Hayo yaliyobaki, kwa sababu chupa sasa ina hewa nusu, yahamishie kwenye kichupa cha mililita 6 kijae pomoni, ukifunge, ukiweke gizani mbali na jiko. Cha zamani kifunge kitupu, usikioshe. Harufu imekaa kwenye kioo na kwenye kizibo, na mama mdogo atataka kukifungua.

Maana mwanangu, umeandika mwenyewe kwamba amelelewa kwa huyo mdogo wake bibi, kule Muscat. Kama kichupa kilikuwa kikijazwa miaka yote hiyo, mafuta ya kukijazia yalitoka kwa mtu fulani, katika mzigo wa mtu fulani, na huenda yalikuwa yakifungwa katika nyumba aliyokulia yeye. Siku akifika mkalishe ukumbini, mtilie kahawa, mpe kichupa kitupu na kile kidogo kilichojaa, umwache anuse kwanza kabla hujasema neno. Kisha muulize nani alikuwa akiyachanganya, na alitia nini.

Shangazi